Muziki wa Nyumba Nzima

Mashine yenyewe haikuwa kitu cha kutazamwa mara mbili. Ilikuwa kompyuta kuukuu ya depo ya vitunguu, iliyochoshwa na mambo ya mauzo, ikapewa kazi nyingine uzeeni. Générose aliiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni, akaiunganisha na betri ya sola kwa kuwa umeme wa Mangobo, mtaa wa Kisangani, huja unapotaka, kisha akaifunga kwenye kijisanduku cha wifi chenye masikio mawili. Intaneti haikuwemo, na utamu wake ulikuwa hapo. Mtu yeyote aliyekuwa ndani ya ua wa baba yake, Télesphore, aliweza kushika simu yake, akachagua mtandao ulioitwa NYUMBANI, akasikiliza wimbo wowote uliohifadhiwa pale kabatini bila kununua mega za intaneti.

Télesphore alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu na maharagwe kutoka Lubero, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mtu ambaye wateja wake walimjua kwa kunyamaza. Mashine ile ilimfungua mdomo. Aliwaambia wapangaji wake, akawaambia wapakizi wa magunia, akamwambia hata padri, kwamba binti yake amejenga serveur. Ukimuuliza serveur ni nini, alijibu kwamba ni mashine ya kutumikia watu, na kwamba inatumikia nyumbani kwake.

Kazi kubwa haikuwa nyaya, ilikuwa nyimbo. Watu wengi wa Kisangani hupeleka kadi ya memori kwa mtu kama Yakubu, mwenye meza, mwavuli na kompyuta kando ya soko, naye huijaza mpaka iseme basi. Majina ya nyimbo anayatoa mwenyewe kwa haraka: Piste 4, Piste 4 Tena, Mupya, Mupya ya Kweli. Générose, aliyekuwa akisomea informatique, mambo ya kompyuta, na aliyechukia fujo tangu utoto, alikusanya kadi za nyumba nzima, akasikiliza mwanzo wa kila wimbo, akauandikia jina lake na la mwimbaji. Nyimbo zilipopata majina, programu ilimwonyesha zilizojirudia. Kila zilipokuwa mbili alibakisha iliyo safi na kufuta iliyo chafu. Baba yake alimsifu mbele ya watu, naye akazidi kusafisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Miongoni mwa kadi hizo ilikuwemo ya mama yake, Kanyere, ambaye kila mtu alimwita Mama Isaïe. Isaïe, kaka yake Générose, alikufa kwenye barabara ya Bafwasende, lori la maharagwe lilipolala ubavu juu ya watu waliokuwa wakilisukuma kutoka matopeni. Alizikwa hukohuko kabla mama yake hajapata pikipiki ya kumfikisha. Simu yake haikuonekana. Picha zake zilibaki, moja ukutani na nyingine ndani ya Biblia, lakini sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: mwishoni mwa wimbo uitwao "Ngambo ya Pili". Isaïe aliurekodi kwa simu jioni ya mwisho kabla ya safari, kwenye terasi, baa ya wazi, ya Mangobo, orchestre ya mwimbaji Bavon ikipiga. Alimtia Bavon kitu mkononi ili atupe jina la mama yake ndani ya wimbo, kama watu wafanyavyo hapa. Libanga, wanaiita, na zikiwa nyingi mabanga. Asubuhi akautia kwenye kadi ya mama yake, akaondoka.

Kanyere aliusikiliza akiwa depo, masikio yamezibwa, huku akichambua vitunguu vilivyooza. Ikitokea ukalia nyumbani kwa sauti, mume wake alikumbuka lango la kufunga na binti yake alikumbuka nguo za kuanua. Hakuna aliyewahi kukaa nao mpaka mwisho. Ndiyo maana Générose, alipoikuta rekodi ndefu yenye kelele za chupa, alidhani mama yake alipenda wimbo tu. Wimbo uleule, uliopigwa studio, ulikuwa pia kwenye kadi ya baba yake, safi kama sahani ya wageni. Akaubakisha huo, akafuta mwingine.

Jumapili walikuja wageni baada ya misa, wafanyabiashara wawili wenzake Télesphore pamoja na wake zao. Serveur ilionyeshwa kwao kabla ya soda. Kila mgeni aliombwa atoe simu yake, na kila simu ilipoingia kwenye mtandao Télesphore aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyefungua lango kwa mkono wake.

"Mama Isaïe, kuya hapa," aliita. "Kuya uchague na weye. Wageni wasiseme mu nyumba hii ni wanaume tu banasikiaka muziki."

"Niko na sufuria ku moto."

"Sufuria itakungoja. Wageni hapana."

Kanyere alijifuta mikono, akaja. Alikuwa amekaa bila kadi yake tangu Générose alipoichukua, na alirudishiwa asubuhi ile tu, kwa hiyo alikuwa na njaa ya wimbo wake. Hakutaka kuusikiliza mbele ya watu. Lakini njaa ni njaa, na simu ilikuwa tayari mkononi. Akautafuta, akauona umeandikwa vizuri kwa herufi kubwa, jina la wimbo na la Bavon chini yake. Akaubonyeza.

Gitaa lilianza kwenye spika kubwa iliyounganishwa na mashine, kila uzi ukisikika peke yake. Mke wa mmoja wa wageni alisema son ile ni propre kabisa, sauti safi, ungefikiri Bavon yumo humu ndani. Wimbo ulikwenda. Mwanamke wa wimboni aliachwa ng'ambo ya huku, mwanaume akavuka na pirogi, na mengine kama kawaida ya nyimbo. Kanyere alibaki amesimama kando ya kabati, mkono mmoja umeshika kitambaa cha jikoni. Sebene, sehemu ya kucheza, ikaingia, wageni wakatingisha mabega. Alikuwa akingoja mahali ambapo gitaa hupungua na Bavon huanza kuita majina. Gitaa halikupungua. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza.

"Haiyamalizika," alisema.

"Ilimalizika, mama," Générose alijibu kutoka mlangoni. "Njo mwisho wake huo."

"Hii haiko yangu."

Télesphore aliwachekea kidogo wageni wake ili nao wacheke. "Mama anawaza kila wimbo iko na mwenyewe, sawa mbuzi." Wakacheka. Kanyere naye akacheka, kwa sababu ni adabu, akarudi jikoni. Alisimama pale ameshika kifuniko cha sufuria mpaka wali ukaungua upande mmoja. Wageni waliula hivyohivyo na kusema ni mtamu.

Walipoondoka, Générose aliingia jikoni kusaidia vyombo. Alikuta vyombo vimekwisha kuoshwa.

"Ile yangu iko wapi?" mama yake aliuliza.

"Mama, zilikuwa mbili. Moja propre, moja iko na makelele mingi. Chupa, watu, na mabanga ku mwisho. Nilibakisha ile ya muzuri."

"Ile ya makelele iko wapi?"

"Nilifuta."

"Bon. Iko mu kadi yangu."

Générose alichukua sahani kavu, akaifuta tena. "Kadi ilikuwa na virusi," alisema mwishowe. "Nili-formater, nikatosha vyote. Halafu fasi ilikuwa haitoshe mu kompyuta, nikaitumia ile kadi kwa kuweka nyimbo za wapangaji, mara mbili, mara tatu. Njo maana nilikawia kukurudishia."

"Uliisikia, mbele ya kufuta?"

"Mwanzo."

"Mwanzo," Kanyere alirudia. "Sauti ya kaka yako ilikuwa ku mwisho."

Sahani ilirudishwa mezani polepole. Générose aliuliza kama kaka yake naye aliimba, kisha akajiona mjinga kwa kuuliza.

"Hakuimba. Bavon anatupa jina yangu, Kanyere mama ya Isaïe, watu wanapiga makofi. Kisha Isaïe anacheka. Anamuita ule binti wa terasi, anamuambia, Cathy, pilipili imeisha huku. Ni hiyo tu. Kisha inakatika."

"Mama, sikujua."

"Nilijua hauyui. Njo maana sikupiga kelele."

Afadhali angepiga kelele. Hakuna haja ya kulizungushia jambo hili maneno: Générose alikuwa amemfuta kaka yake kwa sababu hakuwa safi.

Kesho yake alikwenda kwa Yakubu. Alikuwa amefundishwa darasani kwamba kitu kilichofutwa na kuandikwa juu yake hakirudi, lakini alikwenda, kama watu waendavyo kwa mganga wa pili baada ya wa kwanza kusema kweli. Yakubu aliiingiza kadi, akaipa programu moja, akaipa nyingine, akawahudumia watu wengine wakati zikitafuta. Vilirudi vipande vya mahubiri, nusu ya arusi ya mpangaji na tangazo la sabuni. Yakubu alifurahi kwa kila kipande.

"Tonton Yakubu, ile natafuta iko ya Bavon. Ya live, na mabanga."

"Bavon niko naye, lakini bila mabanga. Watu banasema niondoe majina, kwamba wao hawajue ile batu." Alifikiri kidogo. "Nikuwekee hii ya propre?"

"Niko nayo," Générose alisema. Alipotaka kulipa, Yakubu alikataa, na kukataa kwake kulimwumiza kuliko bei yoyote.

Télesphore alipata habari siku hiyo hiyo, akaipokea kama mfanyabiashara. Hakumgombeza binti yake. Alikaa, akafikiri, akasimama na jawabu.

"Kitu ikivunjika, mutu anatafuta ingine. Nitatuma mutu kwa Bavon. Atakuja kuimba hapa, atatupa jina ya mama, tuta-enregistrer na simu, itaingia mu serveur. Bavon hajakufa."

Kanyere alimtazama. Télesphore alitafuta kofia yake, akatoka kwenda depo.

Bavon alikuja Jumamosi mchana na gitaa mgongoni na samaki wawili wakubwa waliofungwa kwa kamba ya mti. Alikuwa mtoto wa wavuvi wa maporomoko ya mto, na tangu terasi nyingi zilipoanza kupiga muziki wa mashine alikuwa amerudi kwenye mitego ya baba zake. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Alipewa kiti kizuri. Alikula kwa heshima, akasifu nyumba, akaitazama kompyuta juu ya kabati bila hasira, ingawa ilikuwa ndugu wa zile zilizomnyang'anya kazi.

"Ya Bavon," Kanyere alimwuliza, akimwita kaka kwa heshima, "unamukumbuka mutoto wangu? Murefu, alivaa chemise ya mistari. Alikutia kitu mu mukono karibu na jukwaa."

Bavon aliweka gitaa magotini. Angeweza kusema ndiyo, na pengine mtu mwingine angesema. "Mama, sitakudanganya. Jioni kama ile nilikuwa natupa majina sawa mutu anapanda mahindi. Niliona mukono, sikuona uso."

"Haizuru. Imba tu."

Wapangaji walisogea mlangoni. Générose aliweka simu juu ya kiti cha plastiki mbele ya mwimbaji, akahakikisha mara nyingi kwamba inarekodi. Bavon aliimba vizuri. Sauti yake ilikuwa imezeeka na wimbo ukazidi utamu, kwa sababu sasa ilikuwa ya mtu ambaye kweli amewahi kuachwa ng'ambo. Alipofika kwenye sebene alipunguza gitaa, akainua kichwa, akaita, "Kanyere, mama ya Isaïe, mama ya Générose, mama ya Mangobo muzima." Wapangaji wakapiga makofi. Mpaka hapo yote yalikuwa sawa.

Lakini mwimbaji ana desturi yake, na aliyemlisha hamwachi. "Papa Télesphore," Bavon aliendelea, "patron ya vitunguu, daraja ya Lubero na Kisangani, mutu haulizake bei."

Télesphore akatabasamu. Tabasamu lilipanda lenyewe mpaka masikioni, kichwa kikaanza kwenda na gitaa, na mkono wake wa kulia ukaingia mfukoni kumtuza, kama mkono wa mwanaume yeyote aliyesikia jina lake likiimbwa. Kisha akamwona mke wake. Kanyere alikuwa akimtazama bila ubaya wowote, kama mtu atazamavyo mvua ikinyesha kwenye ua wa jirani. Mkono wa Télesphore ukabaki mfukoni. Haukutoka na kitu wala bila kitu mpaka wimbo ulipoisha. Tusimcheke. Wachache wangezuia tabasamu hilo.

"Umeimba muzuri, Ya Bavon," Kanyere alisema. "Aksanti sana." Akamfungia maharagwe kwa ajili ya watoto wake, akamsindikiza mpaka langoni kama mgeni wa heshima.

Aliporudi, Générose alikuwa na simu mkononi. "Niiweke mu serveur, mama?"

"Weka. Iko muzuri." Hakuomba kuisikia.

Jumatatu jioni Générose alipanda kiti kuizima mashine. Alikuwa ameamua kuirudisha depo, na kama wapangaji wangelalamika, wangenunua mega kama watu wengine. Mama yake alimkuta na waya mkononi.

"Unafanya nini?"

"Ninaitosha hapa, irudi depo. Sitaki tena kuiona."

"Na mimi nitakuona weye kila siku mu nyumba hii. Nikutoshe pia?" Kanyere alivuta kiti kingine, akakaa. "Nilikukasirikia, Générose. Bado niko nakukasirikia. Itaisha yenyewe, usiisukume. Sasa niambie kitu moja. Hii mashine inachukuaka nyimbo tu?"

"Inachukua sauti yoyote, mama."

"Hata ya mutu anasema tu?"

"Hata hiyo."

"Acha waya."

Chakula kilikuwa lituma na samaki wa pili wa Bavon, aliyekaushwa kwa moshi. Télesphore, mtu wa Lubero, alikuwa amechukua miaka kuzoea ndizi zilizopondwa, na sasa aliziulizia zikikosekana. Kanyere aliweka simu katikati ya sahani, akaibonyeza.

"Ni nini tena?" mume wake aliuliza.

"Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Kitu yoyote. Sema umekula nini."

"Unajua nimekula nini. Ni weye ulipika."

"Simu haiyui."

Télesphore alinawa mkono, akakaa wima, akasafisha koo. "Mimi, Télesphore, mukaaji wa Mangobo," alianza, kwa sauti ile anayosomea somo la kwanza kanisani, "leo nimekula lituma na samaki. Chakula ilikuwa ya muzuri. Namushukuru mama wa nyumba."

Kanyere alisikiliza mpaka mwisho. "Hapana," alisema. "Hiyo ni ya wageni. Mutoto hakujua kama nasi tutakuja kumusikia. Alisema tu."

"Sasa mutu anasemaje tu, na ananyooshewa simu?"

"Bon. Kula."

Wakala. Simu ikarekodi vidole, mifupa na jirani aliyekuwa akimfukuza kuku. Kisha Générose akaeleza kwamba mpangaji wa chumba cha nyuma amelalamika kuhusu maji ya bafuni. Télesphore akasema mpangaji huyo hulalamikia maji kwa sababu hajawahi kukaa mahali penye maji. Kanyere akamtetea. Wakabishana. Télesphore akasahau simu, akavuta sahani karibu, akaonja samaki, akakunja uso, na bila kuinua macho akanyoosha mkono upande wa binti yake.

"Isaïe, niletee chumvi."

Jirani alikuwa amemkamata kuku wake, nje kulikuwa kimya. Générose hakumrekebisha. Aliinuka, akachukua kikopo cha chumvi kwenye kabati, chini ya ile mashine, akakiweka mkononi mwa baba yake. Télesphore alikishika bila kukifungua. Tangu mazishi hakuwa amelitamka jina hilo peke yake, bila Mama mbele yake, mezani, wala depo, wala kwenye sala ya jioni.

Kanyere alinyoosha kidole kuizima simu.

"Bado inachukua?" mume wake aliuliza.

"Bado."

"Basi uiache," Télesphore alisema. "Nimuite muzuri."